Kutambua viumbe na uyoga wa msitu wa Kakamega kwa picha

MSITU wa Kakamega ulio magharibi mwa Kenya ndio masalio makuu humu nchini ya msitu wa mvua wa aina ile iliyotanda kutoka Afrika Magharibi hadi bonde la mto Congo. Kwa sababu hiyo, viumbe wengi wanaopatikana humo, kuanzia kima na ndege hadi vipepeo na kuvu, ni nadra kuonekana kwingineko nchini.

Siku hizi karibu kila anayeingia msituni humo ana simu yenye kamera. Mkulima wa Shinyalu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na mtalii kutoka ng'ambo wote wanaweza kupiga picha ya kiumbe wasiyemjua na kuuliza jina lake. Programu za tarakilishi nazo hutoa jibu kwa muda wa sekunde chache. Je, jibu hilo laweza kuaminiwa kwa kiasi gani?

Jambo la msingi ni moja. Picha hutoa jina la kuaminika pale tu inapoonyesha alama inayomtenganisha kiumbe mmoja na wenzake wanaofanana naye. Alama hiyo isipoonekana, jina linalotolewa ni kisio tu, hata likitamkwa kwa uhakika namna gani. Kuna makisio yasiyodhuru, kama vile kumpa kipepeo jina lisilo lake. Lakini kisio kuhusu uyoga au nyoka laweza kumgharimu mtu uhai wake.

MAHALI NI NUSU YA JIBU

Msitu wa Kakamega ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, inayojumuisha Buyangu na kipande kidogo cha Kisere, ilifanywa hifadhi ya kitaifa na sasa husimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Sehemu ya kusini, yenye kituo cha Isecheno, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Msitu wote uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Maelezo hayo si ya jiografia tu. Mtu anayetaka kumtambua kiumbe huanza kwa kujiuliza ni viumbe gani wanaoweza kuwapo mahali hapo. Vitabu na picha nyingi kuhusu wanyamapori wa Kenya huwahusu wale wa mbuga za nyasi, kama Maasai Mara na Amboseli. Anayevitumia vitabu hivyo peke yake Kakamega hukosea mara kwa mara, kwa kuwa viumbe wengi wa msitu huu wana jamaa zao Uganda na Congo kuliko Tsavo. Mfano ni turako mkubwa wa buluu, Corythaeola cristata, ndege mwenye kishungi cheusi na mkia mrefu ambaye humu nchini hupatikana katika misitu ya magharibi.

Kwa hivyo, picha isiyo na mahali wala tarehe ni ushahidi uliokatwa nusu. Mtaalamu anayeonyeshwa picha ya ndege mdogo wa kijani bila kuambiwa ilikopigwa hulazimika kuwafikiria ndege wa bara zima. Akiambiwa ni Isecheno, chini ya miti mirefu, orodha hiyo hupungua sana.

KIMA: MFANO ULIO RAHISI

Watu wengi huwaita kima wote wa msituni nyani au tumbili. Hata hivyo, aina kadhaa huishi Kakamega na kila mojawapo ina alama iliyo wazi.

Mbega, Colobus guereza, ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe yaliyoteremka kutoka mabegani hadi kiunoni, na ncha ya mkia wake ni nyeupe na yenye manyoya mengi. Kima wa buluu, Cercopithecus mitis, si wa buluu kwa kweli bali ni wa kijivu kilichokolea, na ana utepe wa rangi hafifu juu ya macho. Mwenzake mdogo, Cercopithecus ascanius, ana doa jeupe puani lenye umbo la moyo na mkia wa rangi ya shaba. Naye karasinga, Cercopithecus neglectus, ana paji lenye rangi ya chungwa na ndevu nyeupe. Karasinga huishi katika kipande cha Kisere na ni mwepesi wa kujificha.

Hapa picha moja ya uso hutosha. Picha ya mgongo uliofichwa na majani haitoshi. Wachunguzi waliobobea huweza hata kumtambua kima mmoja mmoja kwa kovu, umbo la sikio au mkia uliokatika. Mtafiti Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alianza kuwachunguza kima wa buluu wa Kakamega mwaka 1979, na utafiti wa miaka mingi wa namna hiyo hutegemea uwezo wa kumjua kila mnyama kwa sura yake.

NDEGE: SAUTI HUSHINDA SURA

Kwa ndege, kazi huwa ngumu zaidi. Ndege mdogo aitwaye Eremomela turneri, aliyeorodheshwa kimataifa miongoni mwa spishi zilizo hatarini, hupatikana katika misitu michache ya magharibi mwa Kenya na upande wa Congo. Ana koo jeupe lenye utepe mwembamba mweusi chini yake, na rangi ya kutu kwenye paji. Lakini yeye huishi kwenye vilele vya miti. Anayempiga picha akiwa chini huona tumbo tu, na paji halionekani. Picha ya manufaa ni ile inayoonyesha utepe wa kooni.

Wapo pia ndege wa jamii ya shore wenye rangi ya kijani na hudhurungi ambao hufanana kama watoto mapacha. Mmoja wao ni Eurillas ansorgei. Kumtenga na jamaa yake Eurillas gracilis kwa picha peke yake ni kazi inayowashinda hata waliozoea, na ndiyo sababu waelekezaji wa watalii wa Kakamega hutegemea masikio kabla ya macho. Simu inayopiga picha huweza pia kunasa sauti. Sekunde 20 za mlio wa ndege zaweza kuwa na thamani kuliko picha kumi zisizo wazi.

NYOKA: PIGA PICHA UKIWA MBALI

Mwaka 1936 mtaalamu Arthur Loveridge alieleza aina ya koboko wa Jameson kutokana na nyoka aliyepatikana Kaimosi, kusini mwa msitu wa Kakamega. Aina hiyo inaitwa Dendroaspis jamesoni kaimosae, na hivyo jina la Kaimosi limo katika vitabu vya sayansi duniani kote. Nyoka huyo ni wa kijani, huishi mitini, na sumu yake yaweza kuua. Alama yake kubwa ni mkia, ambao huwa mweusi.

Msitu huo huo una nyoka wengine wa kijani wa jamii ya Philothamnus, ambao ni wembamba, wana macho makubwa, na sumu yao si tishio kwa binadamu. Wengi wao huuawa kwa kudhaniwa kuwa koboko. Lakini hatari kubwa zaidi ni kinyume chake, yaani mtu kumshika koboko akidhani ni nyoka asiyedhuru. Picha ya kichwa na shingo pekee, huku mkia ukiwa umefichwa na majani, haimruhusu mtu yeyote kutoa uamuzi.

Moma nao wana alama zao. Moma mwenye pembe, Bitis nasicornis, ana magamba yaliyochomoza puani mfano wa pembe, na alama nyeusi ya umbo la mkuki kichwani. Moma wa Gabon, Bitis gabonica, ana kichwa cha rangi hafifu chenye mstari mwembamba wa rangi nzito katikati. Wote wawili hujificha kwenye majani makavu hivi kwamba mtu huweza kupita karibu nao asiwaone.

Iwapo mtu ameumwa na nyoka, asipoteze wakati kumfukuza ili ampige picha. Afikishwe hospitalini upesi, akiwa ametulia na bila kukatwa wala kunyonywa jeraha. Picha iliyopigwa kwa mbali, ikiwa ipo, humsaidia daktari, lakini tiba huongozwa na dalili za mgonjwa.

VIPEPEO WANAOIGA WENZAO

Wapo viumbe ambao maumbile yenyewe yamewapa sura ya kudanganya. Kipepeo Danaus chrysippus, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, ana ladha mbaya na ndege humwepuka. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, huiga sura hiyo ili naye asiliwe. Ukitazama picha kwa haraka utadhani ni kipepeo yule yule. Tofauti iko kwenye bawa la nyuma: Danaus chrysippus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, ilhali mwigaji wake ana doa moja tu kwenye ukingo wa mbele.

Kisa cha Papilio dardanus kinashangaza zaidi. Dume ni wa manjano hafifu mwenye mikia kwenye mabawa, bali majike huwa na sura nyingi tofauti, kila moja ikiiga kipepeo mwingine asiyeliwa. Zamani wataalamu walidhani kuwa sura hizo ni spishi mbalimbali, hadi Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipoonyesha mwaka 1869 kuwa wote ni wa spishi moja. Ikiwa wataalamu waliokuwa na vipepeo wenyewe mikononi walikosea, mwenye picha moja hana budi kuwa na subira.

UYOGA: PICHA HAITOSHI KULA

Uyoga ni chakula cha jadi katika jamii za Waluhya, na mvua inaponyesha watu wengi hutoka kuutafuta. Unaopendwa sana ni ule unaoota kwenye vichuguu, wa jamii ya Termitomyces, ambao mchwa huulima ndani ya kichuguu kwa ajili ya chakula chao. Una kofia yenye ncha iliyochongoka katikati, na shina lake huendelea chini ya ardhi kama mzizi mrefu hadi kwenye makao ya mchwa.

Sasa tazama tatizo. Picha nyingi za uyoga hupigwa kutoka juu na kuonyesha kofia tu. Kofia ndiyo sehemu inayobadilika sana kwa umri, jua na mvua, na ndiyo inayofanana zaidi baina ya spishi. Alama za kweli ziko chini: vikunjo vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu chini ya kofia, pete kwenye shina, na kitako cha shina kilichofukiwa udongoni. Anayekata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi huacha ushahidi mkubwa ardhini. Ule mzizi mrefu wa uyoga wa kichuguu hauonekani, na kifuko kilicho kwenye kitako cha aina nyingi za Amanita, jamii yenye spishi zinazoua, hakionekani pia.

Alama nyingine haimo katika picha ya kawaida hata kidogo. Nayo ni rangi ya chembe za uzazi ziitwazo spora. Ili kuiona, kofia hulazwa juu ya karatasi, upande wa vikunjo ukiwa chini, kisha hufunikwa kwa bakuli kwa saa kadhaa. Spora huanguka na kuacha chapa. Uyoga wa Termitomyces huacha chapa ya rangi ya waridi. Uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, ambao ni mkubwa, mweupe, wa kuvutia macho na huota kwenye nyasi za viwanja na mashamba, huacha chapa ya kijani. Huo husababisha kutapika na kuhara vibaya saa chache baada ya kuliwa. Ukiwa mchanga vikunjo vyake ni vyeupe, na kwa hivyo picha ya uyoga mchanga haiwezi kufichua siri hiyo.

Ulio hatari kuliko wote ni uyoga wenye sumu ya amatoksini, uliomo katika baadhi ya spishi za Amanita, Galerina na Lepiota. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kupikwa wala kukaushwa. Dalili hukawia, aghalabu kwa saa sita au zaidi, kisha mgonjwa huweza kupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika. Anayeamini kuwa uyoga ulioliwa na konokono ni salama, au kuwa kijiko cha fedha hubadilika rangi kikikutana na sumu, anajidanganya.

Isitoshe, sayansi yenyewe haijawafahamu kuvu wengi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa duniani kuna spishi za kuvu kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, ilhali zilizopewa majina hazijafika 200,000. Baadhi ya spishi hazitofautishwi ila kwa hadubini au kwa kuchunguza chembe za urithi. Kwa hiyo kanuni ni moja isiyo na msamaha: hakuna uyoga unaopaswa kuliwa kwa sababu picha yake imepewa jina, liwe limetolewa na mtu au na tarakilishi.

TARAKILISHI HUJUA ILICHOFUNZWA

Miongoni mwa mitandao mashuhuri ya kazi hii ni iNaturalist, ulioanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Tangu mwaka 2017 mtandao huo hutumia programu inayopendekeza jina la kiumbe aliye pichani. Programu hiyo haijui maumbile kama ajuavyo mzee wa Isukha aliyezaliwa kando ya msitu. Imeonyeshwa picha nyingi mno ambazo watu walikwisha kuzipa majina, na kazi yake ni kulinganisha picha mpya na zile za zamani.

Ndipo udhaifu wake unapoonekana. Sehemu kubwa ya picha hizo zilipigwa Marekani Kaskazini na Ulaya. Spishi ya Kakamega yenye picha chache mno haimo kabisa katika yale iliyofunzwa, na hivyo programu haiwezi kuitaja hata ikionyeshwa picha safi. Badala ya kunyamaza, huweza kutaja jamaa yake wa mbali. Kwa upande wa uyoga upungufu huu ni mkubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la tarakilishi ni mwanzo wa uchunguzi tu. Katika iNaturalist, rekodi yenye picha, mahali na tarehe hukubaliwa kuwa ya kufaa utafiti iwapo zaidi ya thuluthi mbili ya waliotoa maoni wameafikiana kuhusu spishi. Rekodi nyingi za namna hiyo huishia katika hifadhi ya takwimu iitwayo GBIF, yenye makao Copenhagen, ambako watafiti wa nchi zote huzitumia. Kosa likipita hapo, huwa msingi wa makosa mengine. Humu nchini, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi na chama cha Nature Kenya, ambacho chimbuko lake ni la mwaka 1909, wamekuwa nguzo ya kuhakiki majina ya viumbe.

NAMNA YA KUPIGA PICHA YENYE MANUFAA

Kwanza, piga picha kadhaa badala ya moja. Kwa mnyama, tafuta uso, ubavu na mkia. Kwa mdudu, piga mabawa juu na chini. Kwa uyoga, piga juu, ubavuni, chini ya kofia, na kitako baada ya kuuchimbua kwa uangalifu, ikiwa umeruhusiwa. Pili, weka kitu cha kupimia ukubwa, kama vile sarafu au rula. Tatu, andika mahali, tarehe, na mti au udongo ambapo kiumbe alionekana. Nne, usikoleze rangi za picha kwa programu za urembo, kwani rangi ni ushahidi.

Tano, kubali jina pana pale jina dogo lisipothibitika. Kusema "huyu ni wa jamii ya Philothamnus" ni jibu la heshima. Kulazimisha spishi ambayo picha haiithibitishi ni kuchafua kumbukumbu za msitu.

Sita, chunga siri ya mahali. Simu nyingi huhifadhi ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa. Kasuku wa kijivu, ambaye Kakamega wamesalia wachache mno, amewindwa kwa ajili ya biashara hadi mataifa yakakubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku waliotwaliwa porini. Picha ya kiota chake ikienezwa pamoja na alama za mahali huweza kumwongoza mwizi hadi mlangoni.

PICHA HUDUMU, MAJINA HUBADILIKA

Majina ya kisayansi nayo hubadilika. Kwa miaka mingi swila wa msituni aliitwa Naja melanoleuca kutoka Afrika Magharibi hadi Kenya. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa jina hilo lilikuwa limekusanya spishi tano, na swila wa Afrika Mashariki sasa huitwa Naja subfulva. Aliyekuwa ameandika jina peke yake katika daftari alibaki na jina la zamani. Aliyehifadhi picha pamoja na mahali na tarehe anaweza kuirudia na kurekebisha.

Hiyo ndiyo thamani ya kazi hii kwa Kakamega. Msitu huu umekatwa kwa miongo mingi hadi ukabaki vipande vipande, na anayetaka kuutetea sharti aweze kusema ni nini hasa kilichomo. Picha nzuri iliyopewa jina kwa uaminifu ni ushahidi wa kuwatetea viumbe hao. Iliyopewa jina kwa pupa haimfai mwenye kutetea msitu, wala haimfai mwenye sufuria ya uyoga jikoni.